Wa Kopo

Matema, 26 Februari 2023

Kaka yangu mpendwa Hezroni,

Ugonile, kaka. Natumaini ulifika salama na umeikuta familia ikiwa na afya. Ndaga fijo kwa asali mliyoileta msibani, watu bado wanaisifia. Huku mvua imeanza kwa fujo. Maji yameingia tena kwenye mpunga wa jirani, na kakao niliyoichuma wiki ile uliyoondoka imegoma kukauka. Kila nikiianika, wingu linashuka kutoka mlimani. Kaburi la mama liko vizuri. Udongo ulititia kidogo upande wa kichwa, nikaujazia mwenyewe. Wifi Jubilate msalimie sana, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Lakini kila nikikupigia nikafika kwenye jambo lenyewe, mtandao wa Mpanda unakatika. Barua haikatiki. Nampa Jackson wa bodaboda aifikishe stendi ya Kyela, wenye basi watajua pa kuipeleka.

Kaka, siku ya kuanua matanga wewe ulikuwa umeshaondoka. Shangazi Anyelwisye alitandika mkeka karibu na mlango akasema, "Watoto wa marehemu wakae hapa, wapewe pole ya mwisho." Kwa kuwa hukuwepo, nilijua naitwa mimi. Nikavua kandambili, nikaweka mguu kwenye mkeka. Shangazi akanishika mkono. Hakunishika kwa ukali, alinishika kama mtu anayeondoa kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Akasema, "Wewe wa kopo, kaa kule na majirani."

Nikaenda nikakaa na majirani. Kwenye mkeka akaitwa mtoto wa Baba Mdogo Ambilikile, ili usibaki mtupu.

Hakuna mtu aliyeuliza "wa kopo" ndiyo nini. Hilo ndilo linalonitesa. Wakubwa wote walitazama chini, kama watu wanaolijua hilo neno siku nyingi. Nilimuuliza mama aliyekaa kando yangu, akaanza kumfunga vizuri mgongoni mtoto ambaye alikuwa amefungwa vizuri tayari.

Mimi kopo ninalolijua ni la maziwa, la nyanya, na la samaki wale wanaoliwa na watu wasio na ziwa. Nilipokwenda Kyela kuuza kakao nilipita dukani kwa Mzee Mudathiri. Nikamwuliza, "Mzee, mtu akiitwa wa kopo, maana yake nini?" Akatazama makopo yake yaliyopangwa rafuni, akacheka. "Kwetu pwani tunasema mkebe," akaniambia. "Lakini mtu wa mkebe sijapata kumsikia, mwanangu. Nani kakwambia?" Nikaaga nikatoka.

Wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Na umezaliwa nyumba hii kabla yangu. Nakuuliza wewe: hapa kwetu, neno hilo lina maana gani?

Mdogo wako,
Veronika


Mpanda, 9 Aprili 2023

Mdogo wangu mpendwa Veronika,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi tu wazima. Jubilate mguu unamsumbua lakini anatembea. Mtoto wetu wa mwisho ameanza darasa la kwanza na tayari ameshampiga mwenzake. Shuleni tumemaliza mitihani ya muhula na nimezama kwenye kusahihisha, ndiyo sababu ya kuchelewa kukujibu. Kazi imenibana kiasi kwamba tangu nitoke huko sijazungumza na mtu yeyote wa nyumbani isipokuwa wewe.

Umeuliza swali zuri. Neno kopo, kwa matumizi ya kawaida, ni chombo cha bati. Chakula cha kopo ni kile kilichopikwa kiwandani kikafungiwa humo, ili kisafiri mbali na kikae muda mrefu bila kuharibika. Mzee Mudathiri yuko sahihi, wapo wanaosema mkebe, ingawa mwanafunzi ukimtajia mkebe anafikiria kalamu na rula. Kisha lugha haisimami mahali pamoja. Wanafunzi wangu wakisema hoja ya mwenzao ni ya kopo, wanamaanisha ameikuta imeshapikwa mahali pengine, naye kazi yake ilikuwa kufungua tu. Kwa hiyo "-a kopo" imekuwa kama kivumishi cha kitu ambacho si cha shamba, si kibichi, si cha asili. Unaona jinsi neno la jikoni linavyotoka nje.

Kwa upande wako, jambo ni dogo. Ulipozaliwa mama aliumwa ziwa, ukanyweshwa maziwa ya kopo. Watu wa kijijini hawana kazi, wakapata la kukutania. Ndiyo hayo tu. Shangazi ni mtu mzima na msiba humchanganya kila mtu. Hata yule mzee wa kanisa aliyecheka akaficha uso kwenye kofia, msamehe. Usiyatie moyoni.

Jambo jingine. Watakuja watu kupima lile eneo la chini, karibu na ziwa. Ni mambo ya kawaida ya kuweka ardhi katika utaratibu. Usiwazuie, na usiwasumbue kwa maswali.

Kaka yako,
Hezroni


Matema, 21 Mei 2023

Kaka Hezroni,

Habari za huko, na mguu wa wifi unaendeleaje? Aukande kwa maji ya moto yenye chumvi, mama alikuwa akifanya hivyo. Huyo mpiganaji wa darasa la kwanza mwambie shangazi yake naye alikuwa anapigana. Huku ziwani samaki wa mbasa wamepatikana kwa wingi mwezi huu, nimekausha wengi, nikipata mtu wa kuja huko nitawatumia.

Somo lako la kopo nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Mtihani ukija nitafaulu. Lakini mwalimu, kuna mahali nimekwama.

Umeandika kuhusu mzee wa kanisa aliyecheka akaficha uso kwenye kofia. Ni kweli, alicheka. Lakini mimi sikukuandikia habari zake. Nimerudia kuikumbuka barua yangu neno kwa neno, kofia haimo. Na wewe umeniambia tangu uondoke hujazungumza na mtu wa nyumbani ila mimi. Basi hiyo kofia uliiona wapi?

La pili, nilikwenda kwa Baba Mdogo Ambilikile. Nikamkuta anashona wavu. Nikamwuliza, "Baba, mama aliumwa ziwa lini?" Akashona matundu mengi kabla ya kunijibu. Akasema, "Aliyekuambia hilo ndiye akumalizie." Kisha akaniuliza kama nimekula.

La tatu ni hao wapimaji. Walikuja, wakapigilia vigingi kuanzia kwenye migomba mpaka mchangani. Walifuatana na bwana mmoja mwenye viatu vya gharama, anataka kujenga nyumba za wageni. Mimi nilikuwa nimesimama pale na jembe mkononi. Akanisalimu vizuri, akaniuliza kama ninalima kwa kibarua. Nikamwambia, "Hapa ni kwetu." Akaonekana kuchanganyikiwa. Akasema, "Samahani mama, mwenye eneo alituhakikishia hakuna mtoto mwingine." Nikamwuliza mwenye eneo ni nani. Akasema, "Mwalimu."

Nimemuuguza mama kitandani tangu alipopooza mpaka alipofumba macho. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha kwa kijiko. Wakati wote huo ulikuwa ukinipigia simu kuniita mdogo wangu, mdogo wangu wa pekee. Sasa nakuuliza swali moja tu, na usinijibu kwa kivumishi. Nani alinizaa?

Veronika


Mpanda, 2 Agosti 2023

Veronika,

Habari za siku nyingi. Sisi tunaendelea vizuri. Niliipata barua yako mapema lakini nilitaka kwanza nitulie.

Ulizaliwa Ikombe. Mwanamke aliyekuzaa aliitwa Nancy, alikuwa mfinyanzi. Siku za soko la vyungu alikuwa akileta vyungu Matema na kulala kwetu, ndipo yeye na mama wakawa marafiki. Mwanamume alikuwa mvuvi wa upande wa Malawi, hakuonekana tena. Nancy alifariki siku uliyozaliwa. Mama akaenda kukuchukua. Akatukataza sote kukuambia, na mimi nimemtii mpaka alipokufa. Kwa hilo sioni kosa langu.

Tumekulea kama mtoto wa nyumba na hakuna aliyekubagua. Lakini upendo ni jambo moja na ardhi ya ukoo ni jambo jingine. Ardhi ina watu wake. Hata hivyo hutatupwa, nitahakikisha unapata mahali pa kuishi.

Kuhusu nani alianzisha maneno pale msibani, mimi sijui, na sioni faida ya kufukua. Tafadhali wape ushirikiano wale watu wa nyumba za wageni, wana haraka.

Jubilate anakusalimu.

Hezroni


Matema, 10 Septemba 2023

Kaka Hezroni,

Bado nakuita kaka kwa sababu nimezoea. Salamu kwa wote. Wale mbasa nimewagawa, sikupata mtu wa kuja huko.

Nimekwenda Ikombe. Umri wote huu nimeishi nikiona moshi wa tanuri zao kule ng'ambo ya mlima, na sijawahi kushuka pale. Kila nilipotaka kwenda na wenzangu, mama alikuwa akinitafutia kazi. Sasa naelewa. Nilipanda mtumbwi asubuhi, tukapita chini ya majabali mpaka kijiji kilipotokea. Wanawake walikuwa wamekaa nje wanafinyanga. Nikawaambia ninamtafuta mtu yeyote wa kwao na marehemu Nancy. Wakauliza, "Wewe nani?" Nikasema, "Mimi ni Veronika, nimetoka Matema kwa Mama Tulinagwe, yule aliyenilea."

Mama mmoja alikuwa anasugua chungu kibichi kwa jiwe. Akakiweka chini vibaya, kikabonyea. Akasema, "Ndiye yule mtoto?" Hakuniuliza mimi, aliwauliza wenzake. Jina lake ni Tumaini, mdogo wake Nancy. Alinishika kichwa kwa mikono yenye udongo na akalia kwa sauti, na mimi nikalia kwa ajili yake kwa sababu sikujua bado namna ya kulia kwa ajili yangu.

Tulikaa mpaka mchana. Nikamwambia kwamba nyumbani nimeitwa wa kopo. Nilitegemea asikitike. Akashangaa. "Nani kakutukana kwa neno hilo?" akaniuliza. "Lilikuwa neno la sifa!" Akaniambia miaka ile maduka yalikuwa matupu. Mtoto akifiwa na mama yake alipewa uji mwepesi, na wengi hawakuvuka mwezi. Maziwa ya kopo yalikuwa yanatoka Karonga, upande wa Malawi, kwa kificho, na wenye kuyapata walihesabika. Watu wa Ikombe wakisikia habari zangu walikuwa wanasema, "Wetu yule ni wa kopo," maana yake ni kwamba huyo anapendwa, huyo hatakufa. Wanawake walikuwa wanalitamani hilo neno kwa ajili ya watoto wao.

Nikamwuliza nani alikuwa anayafuata hayo makopo Karonga, maana marehemu baba yetu alikuwa mgonjwa miaka ile. Akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Si kaka yako?" akasema. "Hezroni. Alikuja kwenye mtumbwi pamoja na mama yenu siku ya kukuchukua. Mama alikuwa analia, yeye ndiye aliyekubeba, amekuingiza ndani ya shati lake. Alikuwa anavuka mpaka kwa baiskeli ya kuazima, anarudi na makopo ndani ya gunia la mahindi. Kila shule ikifungwa alikuwa anakuja hapa kutuambia umeota jino, umesimama, umesema neno. Akiulizwa anasema, mdogo wangu hamtaki mtu mwingine amkorogee, ni mimi tu."

Kaka, kwa nini hili hukuniandikia? Katika barua zako zote umeandika habari za bati, za mkebe, za ziwa la mama ambalo halikuwahi kuuma. Jambo ambalo lingenifanya nikupende mpaka kufa ndilo uliloliacha nje.

Nilirudi Matema nikaenda moja kwa moja kwa Shangazi Anyelwisye. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia nimetoka Ikombe na najua kila kitu, isipokuwa kimoja: ni nani alimtuma. Akaendelea kumenya. Nikakaa, nikachukua kisu, nikaanza kumenya naye. Ndizi zikaisha. Ndipo akasema:

"Mama yako alitukataza lile neno siku ulipobatizwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Kaka yako alinipigia simu akiwa njiani. Akasema, 'Shangazi, siku ya kuanua, mwondoe kwenye mkeka mbele ya watu, umwite lile jina la zamani, ili ukoo ujue pa kusimama ardhi ikigawiwa.' Nilipomaliza alinipigia tena, akataka nimweleze nani alifanya nini. Nikamweleza. Mpaka kofia ya mzee wa kanisa."

Baba Mdogo ameitisha kikao cha ukoo mwezi ujao, kwa sababu ya vile vigingi. Anasema uje mwenyewe, usitume simu. Njoo, kaka. Mimi sitaki kukuaibisha. Nataka tu nikuone usoni ukisema mimi ni nani.

Veronika


Mpanda, 30 Oktoba 2023

Mdogo wangu Veronika,

Natumaini hujambo. Nilisafiri salama, ila basi liliharibika njiani tukalala porini. Nyumbani nimewakuta wazima, Jubilate amefurahia ile kakao uliyompa. Ndaga fijo.

Namshukuru Mungu kikao kimekwisha kwa amani. Baba Mdogo alitumia busara. Nyumba, kaburi na shamba la kakao vimebaki kwako, nami nimepata lile eneo la chini, na yule bwana wa nyumba za wageni ameridhika. Kila mmoja amepata stahili yake na sasa hakuna sababu ya kuendelea kuumizana.

Najua kuna maneno niliyoyasema pale ambayo huenda hukuyapenda. Uelewe kwamba ile ilikuwa lugha ya kikao. Mtu akisimama mbele ya ukoo anachagua maneno yake tofauti na anavyozungumza nyumbani. Wewe ni mtu mwenye akili, utanielewa.

Tumepanga kuja Krismasi, mimi na Jubilate na watoto wote. Watoto wanataka kuoga ziwani na kuliona kaburi la bibi yao. Tutafikia hapo nyumbani kama kawaida. Ukipata nafasi utuandalie kile chumba cha mbele.

Kaka yako,
Hezroni


Matema, 19 Novemba 2023

Mwalimu Hezroni,

Salamu. Mvua za kwanza zimeshanyesha. Mashina mawili ya kakao yameanguka kwa upepo, mengine yamebeba vizuri. Dada zangu wa Ikombe, watoto wa Mama Tumaini, walikuja kunisaidia palizi wakalala siku kadhaa. Mmoja anakoroma kama mwanamume. Nyumba imechangamka.

Umeniandikia kuhusu kikao kana kwamba mimi sikuwepo, au kana kwamba wewe hukuwepo. Basi acha nikukumbushe, kwa sababu naona unapenda kuondoka na nusu ya mambo.

Tulikaa uani. Ulivaa shati jeupe la mikono mirefu. Ulipoingia ulimsalimu kila mtu kwa mkono, ukafika kwangu ukanishika vidole tu. Baba Mdogo alianza kwa sala, kisha hakuzunguka. Akanionyesha mimi kwa mkono, akakuuliza, "Hezroni, kabla hatujafika kwenye ardhi. Huyu ni nani wako?"

Mimi nilikuwa na wasiwasi na jibu lako kuliko nilivyokuwa na wasiwasi na nyumba. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: ukisema ni mdogo wangu, nachukua nguo zangu nakuachia vyote, ujenge hoteli mpaka juu ya paa. Nakuapia. Nilikuwa nimeshawaambia Ikombe wanitayarishie pa kulala.

Ukatazama mikono yako. Ukasema, "Alilelewa kwetu."

Baba Mdogo akarudia kukuuliza, labda alifikiri hakusikia. Ukasema tena, kwa sauti ya darasani, "Alilelewa kwetu."

Mama Tumaini alikuwa amekaa nyuma yangu. Alikuja kunisindikiza, hakutegemea kusema. Akasimama akasema, "Hezroni, mwanangu, ni mimi. Hunikumbuki?" Ulimtazama. Najua ulimkumbuka, kwa sababu ulianza kuinuka ukajirudi. Ukamwambia, "Samahani mama, watu ni wengi." Yule mama alirudi kukaa. Alikuwa amekuletea chungu kidogo cha zawadi, amekifunga kwenye kanga. Alirudi nacho kwao.

Baada ya hapo walipogawa nyumba na shamba mimi sikuwa nasikiliza. Shangazi Anyelwisye ndiye aliyenisukuma bega aniambie, "Umepewa, shukuru." Nikashukuru. Huyo Shangazi amekuwa akija kila Jumapili tangu siku ile. Hajaniomba radhi kwa mdomo, lakini anakuja na kuni, anakaa, ananiita kwa jina langu. Mimi nampokea. Yeye alisema neno aliloambiwa aseme. Wewe ndiye uliyelijua lilitoka wapi.

Ndilo jambo ambalo nimejaribu kulielewa nikashindwa. Maneno ya kunitoa yalikuwa mengi. Ungeweza kuwaambia nimetoka Ikombe, au si damu yenu, au mimi ni mgeni, yote yangekuwa kweli. Ukachukua lile moja uliloliendea Karonga kwa baiskeli. Uliyachukua maziwa uliyonikorogea mwenyewe ukanimwagia usoni mbele ya mkeka wa mama. Halafu unaniambia lugha ya kikao. Lugha ya kikao ni Kiswahili kilekile, mwalimu.

Sasa kuhusu Krismasi. Njooni. Kaburi ni la mama yako na siwezi kumzuia mtu kumlilia mama yake. Chumba cha mbele nitakifagia. Watoto waoge ziwani mpaka wachoke, nitawakaangia samaki. Wifi Jubilate hana kosa kwangu.

Lakini kuna sharti. Siku mtakayofika nitatenga chakula, na nitaleta maji ya kunawa mimi mwenyewe. Kabla hujanawa, utawaambia watoto wako, kwa kinywa chako, mbele yangu, mimi ni nani wao na nimekuwaje hivyo. Uwaambie habari za mtumbwi, na za shati. Uwaambie ni nani aliyenikorogea. Sitaki maelezo marefu wala sitaki uombe msamaha. Nataka wasikie kutoka kwako kwamba mimi ni dada yako. Ukishindwa, chakula kitakuwepo mezani na mtakula, ila mimi nitakuwa nimepanda mtumbwi kwenda Ikombe, na nitarudi mkishaondoka.

Nasubiri jibu.

Veronika


Mpanda, 17 Desemba 2023

Veronika,

Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya. Sisi tu wazima. Huku mvua ni nyingi, madaraja mawili yamekatika, na mguu wa Jubilate umevimba tena. Kwa sababu hizo tumeona safari ya huko tuiahirishe. Sikukuu tutakula kwa wakwe zangu, Sumbawanga.

Watoto wamelia. Walikuwa wameshafunga mabegi. Mkubwa ameniuliza kwa nini hatuendi tena kwa shangazi.

Nimewaambia una wageni.

Hezroni